Bomba limeganda: koki kwanza, draya baadaye (mwongozo kamili)

Kila Januari napigiwa simu za aina moja. Mtu kaamka asubuhi, kafungua koki ya jikoni, hakuna kitu, anachukua draya ya nywele anapiga bomba nusu saa nzima haoni tone, anachoka, anaenda kazini, akirudi jioni besimenti imekuwa bwawa na maboksi ya nguo yanaelea. Halafu ananiambia "lakini asubuhi lilikuwa halijapasuka, nimeliangalia kabisa". Lilishapasuka usiku ndugu yangu, barafu yenyewe ndo ilikuwa imeziba ufa. Ilipoyeyuka hukuwepo.

Yaani bomba linapasuka likiganda ila maji yanamwagika likiyeyuka, ukilishika hilo umeshika nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kufuata mpangilio, kwa sababu karibu wote ninaowaona wanafeli wanaanzia hatua ya 4, ya kuyeyusha.

Mimi naishi Saint Paul, Minnesota, nyumba ya zamani yenye besimenti, mifano yangu ni ya huku. Ila mambo ni yale yale Ohio, Iowa, Toronto, na walioko Texas wanakumbuka Februari 2021 jinsi nyumba ambazo hazikujengwa kwa baridi zilivyopasuka mabomba mtaa mzima.

Kama umepanga: mpigie lendilodi kwanza, tuma na meseji ili ibaki imeandikwa. Bomba ni lake. Wewe fanya hatua ya 1 mpaka 5 wakati unamsubiri, kukata usikate. Na mabomba ya kuzimia moto yale ya kwenye dari za apatimenti usiyaguse kabisa, hata kwa draya.

## Vitu vya kuwa navyo

Vya kuyeyushia:

- Draya ya nywele, ya kawaida tu.
- Taulo 3 au 4, ndoo 2, tochi.
- Pedi ya umeme ya kukandia mgongo, kama ipo. Hii ni nzuri kuliko draya kwa sababu unaifunga kwenye bomba inakaa, mkono hauchoki.
- Hita ndogo ya umeme au feni.

Vya kuzibia:

- Kikatio cha bomba, kile kidogo cha duara unachokizungusha. Msumeno wa chuma unafaa kwa shida tu, kata yake haiwi nyoofu.
- Koplingi za kusukuma (viungio vya kuunganisha bomba na bomba), 2 au zaidi. Hizi bomba linaingizwa kwa mkono linang'ang'ania lenyewe, hakuna moto hakuna gundi. Madukani jina utakaloliona sana ni SharkBite.
- Kipande cha bomba la PEX (plastiki inayopinda), futi 2 au 3.
- Msasa laini, maka peni, rula.
- Kwa dharura: tyubu kuukuu ya baiskeli na klampu 3 za skrubu. Ndiyo, ile ile ya kufungia mzigo kwenye keria. Huku pia inafanya kazi.

Kabla hujaenda dukani jua bomba lako ni la nini. Shaba ina rangi ya sarafu ya zamani. PEX ni plastiki inayopinda, nyekundu, bluu au nyeupe. CPVC ni plastiki ngumu rangi ya maziwa mgando. Likiwa la kijivu na sumaku inanasa, hilo ni la chuma, koplingi za kusukuma hazishiki hapo, muite fundi bomba usipoteze hela.

Na saizi, hapa watu wanarudi dukani mara 3. Bomba la shaba linaloitwa nusu inchi ukilipima kwa nje unapata inchi 5/8, la robo tatu unapata 7/8. Kwa hiyo usipime kwa rula ukamwambia muuzaji namba uliyoiona. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye bomba, au beba kipande ulichokata.

## Hatua ya 1: Itafute koki kuu na uifunge

Hii fanya hata leo kabla hakijaganda kitu. Nyumba za huku kwenye baridi kali koki kuu iko besimenti, kwenye ukuta unaotazama barabara, karibu na mita ya maji. Kwenye majimbo ya joto mara nyingi iko nje ndani ya kiboksi ardhini karibu na barabara.

Ziko aina 2. Yenye mkono mrefu unaizungusha robo tu, mkono ukikingama na bomba imefunga. Yenye gurudumu dogo la duara unazungusha kulia mpaka igome. Hii ya gurudumu ikiwa ya miaka mingi usiilazimishe na spana kubwa, shina linakatika na hapo maji ya mtaa mzima ni yako. Iende mbele na nyuma polepole. Ikikataa, idara ya maji ya mji wanaweza kufunga kutokea barabarani, namba yao iko kwenye bili.

Wengine wanakwambia usiifunge wakati unayeyusha, kwamba maji yakianza kupita yanasaidia kuyeyusha barafu iliyobaki. Ni kweli yanasaidia. Ila hiyo ni kama bomba lote unaliona kwa macho na kuna mtu kasimama pembeni ya koki. Kama uko peke yako, au bomba linapita ndani ya ukuta, funga. Mimi nafunga kila mara, halafu kila baada ya dakika 10 hivi naifungua kidogo sana nasikiliza, nafunga tena.

Umefanikiwa kama: ukifungua koki nyingine ambayo haijaganda, maji yanapungua yanakatika ndani ya dakika chache. Yakiendelea kuchuruzika kidogo kidogo bila kukoma, koki kuu yako haifungi vizuri, bora ulijue leo kuliko siku ya balaa.

## Hatua ya 2: Fungua koki ya bomba lililoganda

Upande wa moto na wa baridi, zote 2, ziache wazi.

Sababu yake ndo watu hawaijui. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa karibu asilimia 9. Barafu ikikua ndani ya bomba inasukuma maji yaliyo mbele yake kama pistoni, na koki ikiwa imefungwa maji hayo hayana pa kwenda, presha inapanda mpaka bomba linaachia. Ndo maana mara nyingi ufa unauona mahali ambapo hapana barafu, kati ya barafu na koki. Koki ikiwa wazi presha inapumua.

Hapa hakuna cha kuona sana. Matone mawili matatu ni dalili nzuri, pakiwa pakavu pia sawa.

## Hatua ya 3: Jua barafu iko wapi

Ifungue koki kuu kidogo, zunguka nyumba fungua koki zote, halafu koki kuu uifunge tena. Zote zikiwa kavu, barafu iko pale bomba linapoingilia nyumbani au huko chini barabarani, waulize majirani, halafu piga simu idara ya maji. Ikiwa ni sinki moja tu, tatizo liko kati ya sinki hilo na pale bomba lake linapoachana na mengine.

Sehemu za kuanza nazo: chini ya sinki la jikoni lililobanwa kwenye ukuta wa nje (hii ndo namba 1), juu kabisa ya ukuta wa besimenti pale nyumba inapokalia msingi, gereji, na ule uwazi wa chini ya nyumba kwa wasio na besimenti.

Fuata bomba kwa kiganja bila glavu. Unapita, baridi ya kawaida, baridi ya kawaida, halafu ghafla mahali panauma vidole. Mara nyingine panakuwa na unga mweupe kama wa kwenye friza. Hapo ndipo.

Ukiwa hapo hapo piga tochi bomba lote kutoka upande wa pili pia, upande wa ukutani, tafuta uvimbe na ufa. Ufa wa shaba hauwi kama mkwaruzo, unakuwa umefunguka kama mdomo wa samaki, kingo zimetokeza nje, na mabomba mengine yanavimba bila kupasuka. Ukiona kimojawapo na koki kuu bado iko wazi, ifunge sasa hivi.

## Hatua ya 4: Sasa ndo uyeyushe

Anzia upande wa koki kurudi nyuma kuelekea kwenye barafu, usianzie katikati. Ukianzia katikati maji unayoyeyusha yanabanwa kati ya barafu 2, huku mbele na huku nyuma, unakuwa umetengeneza mwenyewe ile pistoni ya hatua ya 2.

Washa draya, isogeze taratibu mbele na nyuma usiikazie sehemu moja hasa kwenye plastiki. Au zungushia taulo zilizochovywa maji ya moto ukabadilisha kila zikipoa, ndoo ikae chini. Fungua milango ya kabati, toa vitu vyote vya chini ya sinki, weka hita ya umeme mbele yake mbali na nguo na karatasi na usiiache peke yake.

Kama barafu iko ndani ya ukuta, pandisha thamostati, elekeza feni ipulize hewa ya moto kwenye ukuta, na subiri. Inaweza kuchukua masaa. Ukuta wa jipsamu kuukata kipande sio dhambi, kuziba kipande cha jipsamu ni rahisi sana kuliko kubadilisha ukuta uliolowa.

Usifanye haya, nasema kwa herufi nzito:

Moto wa gesi wa kuchomelea, hapana. Nguzo za ndani ya ukuta ni mbao kavu na unaweza kuziwasha usione mpaka moshi utokee ghorofani. Pia maji yakichemka ndani ya bomba lililozibwa pande 2 ni mvuke, na mvuke ukikosa njia unalipua bomba usoni kwako.

Jiko la mkaa au hita ya gesi ya nje ndani ya nyumba, hapana. Tumekua tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani wasiamke, hewa ya sumu ni ile ile, na nyumba za huku zimezibwa kila tundu, ndo mbaya zaidi.

Draya ukiwa umesimama kwenye maji, hapana. Kausha sakafu kwanza. Kama maji ya besimenti yamefika kwenye soketi au mashine yoyote, usiingie, umeme ukatwe kwanza na mtu asiyekanyaga maji.

Umefanikiwa kama: ukiifungua koki kuu kidogo, maji utayasikia kabla hujayaona. Koki inakohoa, inatema hewa, inatoa mfyonzo kama soda inafunguliwa, halafu uzi mwembamba wa maji, mara nyingine wenye rangi ya chai. Usiruke ukashangilia ukafunga koki. Endelea kupasha moto, uache uzi uwe mkondo kamili. Bomba linaloonekana kirahisi linachukua kama nusu saa mpaka saa.

## Hatua ya 5: Kaa hapo, usiende kokote

Hii ndo hatua iliyomzamisha yule wa juu. Fungua koki kuu kidogo kidogo, acha hewa itoke kwenye koki za ndani, ndo ufunge koki za ndani.

Chukua karatasi ya choo kavu, ipitishe chini ya kila kiungio na kila kona ya lile bomba. Jicho linadanganywa na umande wa bomba baridi, karatasi ukiifuta mara ya kwanza italowa kwa umande, subiri dakika 5 ufute tena.

Halafu nenda kwenye mita. Mita nyingi zina kijipembetatu au kigurudumu kidogo kinachozunguka hata kwa maji machache sana. Koki zote zikiwa zimefungwa na hakuna mashine inayotumia maji, kikizunguka kuna mahali panavuja, hata kama hupaoni. Mwaka 2019 mwishoni mwa Januari, ile asubuhi Minneapolis ilifika hasi 28 za Farenhaiti, mimi kwangu kila kitu kilikuwa kikavu karatasi kavu nikajiona fundi, pembetatu inacheza polepole, kumbe ni bomba la bafuni ndani ya ukuta limefunguka kaufa ka urefu wa ukucha. Bila mita ningelijua siku ukuta unavimba.

Umefanikiwa kama: nusu saa nzima karatasi kavu, pembetatu imetulia.

## Hatua ya 6: Limepasuka, unafanyaje

Funga koki kuu. Fungua koki ya chini kabisa nyumbani, maji yaliyobaki yatoke. Tangi la maji moto lizime: la umeme shusha breka yake, kwa sababu koili ikiwaka bila maji inaungua, la gesi zungusha kitufe mpaka palipoandikwa PILOT. Piga picha kila kitu kabla hujafuta, bima wataziulizia. Kama nyumba inapashwa kwa maji yanayozunguka kwenye radieta na ufa uko huko, mwite fundi, mfumo ule una mambo yake.

### Kiraka cha usiku

Saa 8 za usiku duka limefungwa. Kata tyubu ya baiskeli kipande kinachozidi ufa inchi 2 kila upande, ipasue, izungushe kwenye bomba mara 2 au 3 ukiivuta, mshono usikae juu ya ufa. Kaza klampu moja katikati na moja kila upande. Fungua maji kidogo tu. Hii ni ya kukuvusha mpaka asubuhi, usilale nyumba haina mtu wa kuitazama, na usiifungie ndani ya ukuta.

### Kuziba kwenyewe

Kata bomba pande zote 2 za ufa. Na hapa sikiliza, hapa ndo wanaoshindwa wanaposhindwa: usikate karibu na ufa. Shaba ikiganda inatanuka hata pale ambapo haijapasuka, kwa macho huoni, ila koplingi inaona, inagoma kuingia au inaingia kwa nguvu halafu inavuja. Jirani yangu mmoja mtu wa Bukavu alibadilisha koplingi 3 akasema ni feki. Tukachukua koplingi tukaivisha kwenye bomba pale alipokata, haipiti, tukasogea inchi 2 nyuma ikateleza kama pete. Bomba lilikuwa limevimba. Tukakata upya, ikaisha. Kwa hiyo rudi nyuma mpaka bomba liwe duara kamili, ukipoteza inchi 4 za shaba sio hasara, PEX ndo itajaza.

Sasa:

1. Zungusha kikatio polepole unakaza kidogo kila mzunguko. Kata iwe nyoofu.
2. Safisha kingo ndani na nje kwa msasa. Kijipande kidogo chenye makali cha shaba kinachana ile ringi ya mpira ndani ya koplingi, na ringi ikichanika huwezi kuijua mpaka ivuje.
3. Pima kina cha kuingia, weka alama kwa maka peni. Kwa nusu inchi ni karibu inchi 1, maelekezo ya pakiti yako ndo ya kufuata.
4. Kata kipande cha PEX kijaze pengo, ukihesabu na vile vitakavyoingia ndani ya koplingi. Kwa PEX hakikisha kile kibomba kidogo cha ndani ya koplingi kipo, ndo kinaizuia isibonyee.
5. Sukuma kwa kuzungusha mpaka alama iguse mdomo wa koplingi. Utasikia vituo 2, usiishie kwenye cha kwanza, sukuma.
6. Vuta kwa nguvu kama unataka kulitoa. Likitoka, halikuwa limeingia.

Uzuri wa hizi ni kwamba bomba likiwa na unyevu ndani sio tatizo. Kulehemu shaba kunataka bomba kavu kabisa, na bomba lililotoka kuyeyuka halikauki leo.

Umefanikiwa kama: maji yamerudi kwa presha kamili, karatasi kavu sasa, kavu baada ya saa, kavu kesho asubuhi. Ndo uwashe tangi la maji moto, baada ya koki ya moto kutoa maji bila kukohoa.

## Hatua ya 7: Kukausha, na lisigande tena

Maji yaliyomwagika yakaushe ndani ya saa 24 mpaka 48, baada ya hapo ukungu unaanza. Zulia lililolowa na sponji ya chini yake litoe nje, feni usiku kucha, madirisha usifungue maana baridi ile ile inarudi.

Bomba linalopita sehemu isiyo na joto liko hatarini nje ikifika kama nyuzi 20 za Farenhaiti, yaani karibu hasi 7 za Selsiasi. Usiku wa hivyo fungua milango ya kabati za sinki, na koki ya mbali kabisa na koki kuu iachie uzi mwembamba, wa moto na wa baridi.

Livishe bomba zile soksi za sponji, ila ujue soksi haitoi joto, inachelewesha tu baridi kuingia. Gereji isiyo na hita soksi peke yake haitoshi, pale weka waya wa umeme wa kupashia mabomba na usome pakiti, zipo zinazokatazwa kabisa kujikanyaga zenyewe kwa sababu zinaungua pale zilipokutana.

Wanaosafiri Desemba kwenda Dar, Nairobi au Goma mwezi mzima, mnazima joto mnaokoa bili, halafu mnarudi kwenye ziwa. Thamostati isishuke chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, funga koki kuu, fungua koki zote maji yatoke, na mpe mtu ufunguo apite kuangalia.

Mpira wa kumwagilia bustani uuchomoe Oktoba, hata kama koki yako ya nje ni ile ndefu ya kuzuia kuganda. Mpira ukibaki umefungwa maji hayatoki kwenye shingo ya koki, yanagandia humo ndani, na ule ufa hutauona msimu wote wa baridi, utauona Mei siku unafungua maji ya maua na maji yanaanza kutoka kwenye ukuta wa ndani.